Nimemwaga Tabaka la Juu

Leo nimeaibika. Si aibu ile ya kawaida, ya kuteleza kwenye tope ukajifuta ukaendelea na safari. Ya leo ilikuwa inawaka. Wameiona wazazi wa shule nzima, tena gizani, na waliokaa nyuma wakapanda juu ya mabenchi ili waione vizuri.

Nawasimulia nyinyi wenzangu wa kijiwe chetu cha riwaya kwa sababu mtaisikia tu. Bora muisikie kutoka kwangu, ikiwa bado ina adabu kidogo.

Dada yangu Edita yuko nyumbani Ifakara kwa likizo. Ndiye yule niliyewahi kuwaambia anasoma kemia mpaka waliobaki wa kumfundisha ni wachache. (Mimi nina muswada mmoja ambao haujachapwa. Mama anatupenda sawasawa, ila wageni wakija huanza kumtaja yeye.) Kazi yake ni metali zinazoitwa lanthanaidi, ukoo wa madini adimu yanayofanana kama mapacha. Ukishayayeyusha kwenye asidi yanachanganyikana, na kuyatenganisha ni shughuli. Njia mojawapo ni kuyamiminia mafuta maalumu yenye kemikali ya kubeba, halafu unatikisa. Kemikali ile inaikumbatia metali unayoitaka, inaivua maji, inaihamishia kwenye mafuta. Ukiacha kutikisa, mafuta na maji vinajitenga, kila kimoja na tabaka lake.

Edita anachunguza kinachotokea pale wanapokumbatiana, na anakichunguza kwa mwanga. Metali anayoipenda kuliko zote inaitwa yuropiamu. Ukiimulika kwa taa ya urujuanimno, ndugu ya ile taa ya kukagulia noti benki, yenyewe inatoa mwanga mwekundu. Lakini ikiwa imezungukwa na maji, maji yanaumeza mwanga wake, huoni kitu. Ikishavuliwa maji na kuvikwa ile kemikali, inawaka. Edita ana kifaa kinaitwa spektromita, kidogo tu kama kiberiti kikubwa, chenye waya wa kunasa mwanga na kuuchora kwenye laptopu. Kwa kusoma mchoro huo anajua metali imevaa nini na imeshikwa na nani.

Aliponieleza mara ya kwanza nilitokwa na machozi. Kitu chenye mwanga ndani yake, usioonekana mpaka kitoke kilipozoea na kipate wa kukishika vizuri. Nikaandika kurasa. Edita akazisoma, akaniambia ni nzuri sana, ila hakuna asidi popote.

Sasa, shule ya sekondari aliyosoma yeye hapa mjini, maabara yake ilikuwa inakwenda kufa leo. Wazazi wengi wana mabinti wanaotoka mbali, Mofu, Michenga, huko bondeni ambako mvua zikikolea huwezi kujua njia iliishia wapi na mto ulianzia wapi. Watoto wanapanga vyumba mjini, peke yao, bila mtu mzima. Usiku wazazi hawapati usingizi. Kikao cha leo kilikuwa na jambo moja: maabara igeuzwe bweni. Ni chumba kikubwa, paa lake halivuji, kina bomba. Wakikubaliana tu, meza zinatoka, vitanda vinaingia.

Na hoja yao ilikuwa nzito, nisiwafiche. Edita mwenyewe aliijua. Lakini chumba kile ndicho alichoshikia kichupa cha kwanza maishani mwake. Akamwomba mkuu wa shule ampe nafasi fupi kabla ya kura, awaonyeshe wazazi kitu kimoja kinachoweza kutokea mle ndani. Mkuu wa shule, mama mpole anayezungumza kama anahesabu maneno, akakubali. Hata yeye hakutaka kuipoteza maabara, ila hakuwa na pengine pa kuwalaza watoto.

Mimi nikajitolea kuwa mshereheshaji. Nikamwambia dada kwamba sayansi inahitaji maneno, na maneno ninayo. Edita akaniangalia kwa muda. Akasema nije, lakini nisiguse kitu.

Asubuhi nikajiandaa kama bwana harusi. Shati jeupe nililifua mwenyewe kwa sabuni ya unga, nikarudia, nikalisuuza kwa buluu mpaka likawa linaumiza macho. Suruali ya kaki, mpya. (Mpya kwangu.) Hotuba ndefu mkononi, ikianza na maneno haya: "Kuna nuru ambayo jicho halijawahi kuialika." Nisameheni. Asubuhi ilionekana nzuri.

Tulipofika shuleni tukaziba madirisha ya maabara kwa maturubai ya kuanikia mpunga, maana onyesho lilitaka giza. Mle ndani kukawa na joto la tanuri la matofali. Edita akafungua begi lake kama padri anavyofungua tabernakulo. Akatoa kichupa chenye maji ya yuropiamu, akakimiminia mafuta yake, akakifunga, akakitikisa, akakisimamisha mezani. Mafuta yale alikuja nayo kutoka chuoni, kidogo tu, ya onyesho moja. Ukiangalia kwa macho ya kawaida huoni maajabu yoyote: juu hakuna rangi, chini hakuna rangi, katikati kamstari kembamba.

Wakati huo wazazi wakaanza kuingia getini, na mkuu wa shule akamwita Edita akawasalimie. Nanyi mnazijua salamu za kwetu. Shikamoo moja inazaa habari za nyumbani, habari za nyumbani zinazaa habari za shamba, na shamba likishaingia hapo hutoki. Edita akaona atachelewa. Akanigeukia pale mlangoni, nikaona kabisa jinsi asivyopenda anachotaka kusema.

"Deo, yakishajitenga vizuri, uchafu mwaga, mali ihamishie kwenye kile kichupa kidogo. Vaa glavu."

Akatoka.

Hakusema mali ni ipi. Kwake lilikuwa jambo la wazi, hata kulitaja ingekuwa kunidharau. Na kwangu lilikuwa wazi vilevile.

Wenzangu, mimi ni mtoto wa wakulima wa mpunga. Tangu napata akili namwona mama akichagua mbegu: unaumwaga mpunga kwenye ndoo ya maji, unakoroga kidogo, unaacha utulie. Iliyozama ndiyo mbegu. Iliyoelea ni mapepe, punje tupu zisizo na kitu ndani, unayaengua unayatupa. Bonde zima la Kilombero linafanya hivyo. Hakuna mtu hapa aliyewahi kusimama mbele ya ndoo akajiuliza mali iko juu au chini.

Kwa hiyo sikujiuliza. Nikavaa glavu, nikakiinamisha kichupa juu ya sinki, nikalimwaga tabaka la juu lote, taratibu, kwa ufundi, tone kwa tone mpaka kamstari kakaisha. Nikafungulia bomba nikasuuza sinki. Lililobaki chini, tulivu na zito, nikalihamishia kwenye kichupa kidogo. Nikakiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Nilijisikia mwanasayansi.

Kidogo kilikuwa kimechuruzika ubavuni mwa kichupa. Nilijua kwa ubaridi nilioupata mbele ya suruali. Nikainama kuangalia: doa la unyevu, tena mahali ambapo doa la unyevu kwa mwanamume mzima lina tafsiri moja tu. Harufu yake kama ya mafuta ya taa. Huko nje nasikia wazazi wanakuja. Nikaichukua hotuba yangu nikajipepea nayo, kwa nguvu zote. (Ndiyo matumizi pekee iliyopata leo.) Joto la mle ndani likanisaidia, doa likakauka, likapotea kabisa. Nikamshukuru Mungu. Hapo ndipo nilipopaswa kukimbia.

Wazazi wakaingia, wakajaa. Mbele kabisa alikaa Mama Ponsiana wa Michenga, mama mwembamba ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Yeye ndiye aliyelileta wazo la bweni. Binti yake Ponsiana yuko kidato cha pili, amepanga chumba jirani na baa, na wiki iliyopita mlevi aligonga mlango wake akidhani ni kwake. Mama wa watu alilisimulia hilo bila kupandisha sauti hata kidogo, na chumba kizima kikaangalia sakafu. Pembeni yake alikaa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande wa Mofu na ng'ombe wake miaka mingi sasa, mabinti zake wako hapa hapa shuleni. Fimbo yake aliilaza mapajani.

Edita akaingia wa mwisho, bado anaitikia salamu. Hakupata hata nafasi ya kukikagua kichupa. Akaniuliza kwa macho kama tayari. Nikamjibu kwa macho kwamba tayari kabisa.

Nikasimama nyuma ya meza, nikawakaribisha wageni. Edita akazima taa ya darini, akawasha ile ya urujuanimno.

Aliyewaka kwanza ni mimi.

Shati langu lile. Ndugu zangu, lilitoka mle gizani bluu tupu, limejaa mwanga, halina kichwa wala mikono. Watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni wakapiga kelele. Mzee mmoja akauliza kama nimwagiwe maji. Edita akacheka kidogo, na mimi nikafurahi, nikaona mambo yanaanza vizuri. Akawaeleza wazazi kwamba sabuni ya unga ina kemikali inayowaka hivyo ili nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi. Akasogeza ule waya kwenye kifua changu, na ukutani, kupitia projekta, pakatokea mchoro: kilima kipana, cha duara, kinachopanda polepole na kushuka polepole.

Mzee Masanja akainua fimbo yake akauonyesha ukuta. "Hiyo nundu ya ng'ombe."

Edita akamwambia ndiyo, ni nundu hasa, na kwamba vitu vingi vinavyowaka duniani vina nundu kama hiyo. Lakini kuna ukoo mmoja wa metali ambao mwanga wake hauna nundu. Akawaambia watazame. Akakiinua kichupa kidogo, akakimulika.

Giza.

Akakitikisa. Giza. Akaisogeza taa karibu zaidi, akakigeuza, akaigonga taa kiganjani. Kichupa kilikaa tu mkononi mwake kama kichupa chochote cha maji. Ukutani mstari ulikuwa umelala chali, kutoka mwanzo hadi mwisho, hauna hata kichuguu.

Nilikuwa nimesimama karibu na dada yangu, nasikia anavyopumua. Mle ndani watu wakaanza kujipepea, mabenchi yakaanza kulia. Ni ule ukimya wa watu wastaarabu ambao hawataki kukuaibisha lakini wameshaamua.

Mama Ponsiana akasema, na hakuwa na ubaya wowote, "Mwanangu Edita. Hicho kichupa ndicho kinachowanyima watoto wetu pa kulala?"

Hapo nikaona wakati wangu umefika. Sayansi imeshindwa, sasa maneno. Nikatoka nyuma ya meza, nikasimama katikati mbele ya wazazi wote, nikafungua mikono yangu kama wale wanaohubiri viwanjani.

"Wazazi wangu," nikasema, "kuna nuru ambayo jicho halijawahi kuialika."

Edita akanigeuzia ile taa. Alitaka kuniambia ninyamaze.

Halafu sauti ya mwanamke, kutoka nyuma kabisa, ya taratibu:

"Hiyo tumeiona."

Nikainamisha macho. Mbele ya suruali yangu, pale pale, palikuwa na moto. Mwekundu. Si wekundu wa kuazima, ni wekundu wa kaa lililopulizwa sasa hivi. Bonge moja kubwa katikati, na kutoka hapo vijito vinashuka paja la kushoto, kimoja kikijigawa, kingine kikikutana nacho chini ya goti, kama mto Kilombero unavyochorwa kwenye ramani ya darasani. Nikaweka mikono kuficha. Glavu nilikuwa bado nimezivaa, na zenyewe zilikuwa na matone. Sasa nikawa nawaka kote kote.

Chumba kikalipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kucheka vizuri. Mabenchi yakapandwa. Nikasikia mtu akiuliza kama ni ugonjwa, na mwingine akimjibu kwamba kama ni ugonjwa basi yeye hajawahi kuuona ukiwa mzuri hivyo.

Edita peke yake hakucheka. Alikuwa ameganda, taa ameishika vilevile, namwona anafikiri. Akanisogelea.

"Deo. Tabaka la juu umelipeleka wapi?"

"Nimelimwaga."

"Umelimwaga."

"Dada, lilikuwa linaelea." Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyopanga. "Kama mapepe."

Nilingoja radi. Badala yake nikasikia wazazi wanazungumza, wote kwa pamoja, na haikunichukua muda kuelewa kwamba wananitetea. Mzee mmoja anasema kijana hana kosa. Mwingine anasema dada mtu ndiye angesema mapema kwamba ya leo ni kinyume. Mama Ponsiana mwenyewe, mikono kiunoni, akasema ya kuelea hata yeye angemwaga, na mama yake angemwaga, na asiyemwaga arudi akafundishwe kulima. Nilitaka kumkumbatia. (Kwa hali niliyokuwa nayo, niliona nisithubutu.)

Edita akapumua. Halafu nikaona kitu ninachokijua tangu utotoni, kile anachofanya na mdomo wake kabla ya kunitumia kwa jambo fulani.

"Panda juu ya meza," akasema.

"Dada."

"Mali yangu yote iko kwenye suruali yako. Panda."

Nikapanda. Nilikuwa nimeota siku nyingi nikisimama mbele ya watu, nao wanaisogelea kazi yangu kwa hamu, wanainyamazia, wanaisoma. Sikuota kwamba itakuwa suruali.

Edita akauelekeza waya. Akaniamuru nisihame, nisipumue sana, maana nikipumua mwanga unasogea. Na ukutani, mbele ya wazazi wa Mofu na Michenga, yuropiamu ikajichora. Hakukuwa na nundu. Zilikuwa ni ncha, nyembamba, kali, zimesimama wima moja moja, na moja katika wekundu imezipita zote kwa urefu mpaka imegusa karibu na dari.

Mzee Masanja akasimama, akaja hadi ukutani. Akaigusa kwa fimbo ile ncha ndefu. Akageuka akaniangalia, akaangalia ukuta, akaniangalia tena. Alizungumza kwa uzito wa mtu anayetoa ushahidi.

"Shati lina nundu. Suruali ina pembe."

Mkuu wa shule aligeukia ubao, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa muda mrefu.

Lakini sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichofanya nisiruke dirishani. Watu walipomaliza kucheka, walianza kuuliza. Kwa nini kichupa hakikuwaka na suruali inawaka? Edita akawaambia kwamba ndani ya maji metali ilikuwa imeshikwa na maji, na maji yanameza mwanga wake. Mafuta yameivua maji, yameivika nguo nyingine, ndiyo maana inawaka, na ile ncha ndefu ndiyo inayosema nguo gani imevaa. Mama mmoja akauliza ina faida gani. Akamjibu kwamba ukijua metali imeshikwa vipi, unajua namna ya kuitoa kwenye mawe na kuitenga na mapacha wake, na kwamba mawe hayo tunayo nchini mwetu, na wanaojua kuyatenga ni wachache sana. Wakaja mmoja mmoja mbele kuangalia. Wanaangalia ukuta, halafu wanakuja kuangalia suruali, kwa karibu, mikono nyuma, kama watu wanaokagua ng'ombe mnadani. Wengine walinipa shikamoo kwa kuchanganyikiwa. Nami nikawaitikia kwa kuchanganyikiwa, marahaba, wazee wa umri wa babu yangu.

Mama Ponsiana alikuja wa mwisho. Hakuangalia suruali. Alimwangalia Edita.

"Wewe uliyajulia wapi haya?"

"Hapa, mama. Meza hiyo aliyosimama mdogo wangu ndiyo niliyokuwa nakaa."

"Na Ponsiana anaweza?"

"Anaweza."

Kisha akauliza lile swali ambalo halikuwa limeondoka chumbani hata wakati tunacheka. "Leo usiku atalala wapi?"

Taa ya Edita ilikuwa bado inanimulika. Mzee Masanja akasema kwamba yeye matofali hana, ila ana maksai na mkokoteni, na wanaochoma matofali wamo humu humu. Bweni linaweza kusimama nyuma ya maabara kama watu watashika kazi. Wengine wakaitikia. Mama Ponsiana akakubali kwa kichwa, akasema sawa, lakini matofali hayachomeki kwa siku moja, na mlevi hangoji matofali.

Ndipo Edita akasema nyumbani kwetu Lipangalala, hapa hapa mjini, kuna chumba kikubwa cha mbele, kina mlango imara, na mama yetu analala chumba cha pili. Watoto wanaotoka mbali zaidi wanaweza kukaa pale mpaka bweni liishe. Akasema ni chumba ambacho mdogo wake hukitumia kuandikia riwaya.

Halafu akaniuliza, mbele ya watu wote, taa ameishika vilevile: "Au vipi, Deo?"

Chumba changu. Meza yangu ya dirishani. Ukimya wangu wa asubuhi, ambao nimewasimulia mara nyingi mpaka mmechoka. Nilifungua mdomo. Nikawaona wazazi wote wameinua nyuso, na kila mmoja anafanya bidii ya dhahiri kunitazama machoni.

Mniambie nyinyi. Mwanamume aliyesimama juu ya meza, anawaka mahali pale, anakataaje?

"Karibuni sana," nikasema.

Walipiga makofi. Mama Ponsiana, ambaye hajambo kwa umakini, akauliza na huyu kaka yeye atalala wapi. Edita akamjibu kwamba nitahamia kwa mjomba wetu. Mjomba ana chumba cha nyuma, kizuri tu, ukuta mmoja na banda la nguruwe. Kura ikapigwa pale pale kwa mikono, na maabara ikabaki maabara. Nilihesabiwa na mimi, ingawa mimi si mzazi. Nilikuwa nimeinua mikono kuficha uso.

Suruali hawakunipa. Edita alisema kemikali zile hazifai kukaa mwilini, nikajisafishe kwa sabuni haraka, na suruali ibaki, maana mkuu wa shule anaitaka kwa ajili ya kidato cha nne. Iko kwenye mfuko wa plastiki kabatini, imebandikwa jina. Mama Ponsiana akavua kanga yake ya juu akanipa. Nimerudi nyumbani nyuma ya pikipiki nimejifunga kanga na shati linalong'aa, na njia nzima nilikuwa napungiwa mikono na watu ambao, naapa, hawakuwepo kikaoni.

Sasa hivi nawaandikia kutoka kwa mjomba. Nguruwe wamekula, wametulia. Ponsiana amekwishahamia, Edita kanitumia ujumbe kwamba mtoto kalala fofofo, na mama yake kampigia simu mara nyingi kusikia tu kwamba mlango umefungwa. Nimeusoma ujumbe huo zaidi ya mara moja, nisiwafiche.

Hata hivyo nina ombi moja dogo. Mtakaokuja Ifakara, tukikutana sokoni au kanisani, nisalimieni kama mtu yeyote. Na wakati mnanisalimia, tafadhali, niangalieni usoni.